Malalamiko Kuhusu Mikwaju ya Kaka Yangu Inayotupwa

S.L.P. 41,
Pell Creek, Kansas.
Jumatatu, Siku ya Kuwakumbuka Mashujaa, mchana.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Taifa ya Gofu ya Wanaume wa Vyuo,
Hema jeupe lenye kiyoyozi,
Karibu na shimo la kumi na nane.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: NAMBA YA TANO

Natumaini barua hii itakukuta salama na mahali penye kivuli. Mimi ni mzima, isipokuwa shingo, ambayo imebabuka kwa jua. Jina langu ni Maren Unruh. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza sekondari siku tisa zilizopita, na ni mmoja wa watu wenu wa kujitolea. Ni yule anayeshika bango la KIMYA kwenye shimo la kumi na sita. Huenda hunifahamu, kwa sababu kazi yangu ni kusimama bila kusema kitu, na walimu wangu wote watakuthibitishia kwamba naifanya vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu jana nilikuja hadi mlangoni pa hema, mtu akaniuliza, "Nikusaidie nini, binti?" nami nikamwambia natafuta choo.

Kaka yangu Dalton anachezea Chuo cha Tarrow. Kama ujuavyo kuliko mimi, kila timu ina wachezaji watano. Wote watano wanatembea maili tano juani na mikoba yao mgongoni, wanamaliza mashimo kumi na nane, kisha nyinyi mnachukua hesabu za wanne waliopiga mikwaju michache zaidi, mnazijumlisha, na ya tano mnaitupa. Dalton ndiye wa tano. Ijumaa alipiga mikwaju 77, ikatupwa. Jumamosi 79, ikatupwa. Jana alipiga 76, nikadhani safari hii tumepona, lakini mwenzake aliyekuwa nyuma yake akamaliza na 75.

Yote haya yasingekuwa na neno kama si baba yangu. Baba ana duka la matairi, maili nane kutoka kwenye viwanja vyenu. Dalton yuko chuoni mwaka wa tatu na baba hajawahi kumwona akicheza hata shimo moja. Ijumaa asubuhi Dalton alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akivaa viatu, akauliza bila kuinua kichwa, "Baba, leo utakuja?"

"Yako inahesabiwa?"

"Inategemea wenzangu wamepigaje."

"Siku itakayohesabiwa niambie," baba akasema. "Nitafunga duka."

Dalton akajibu, "Sawa, baba," akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Naomba usimfikirie vibaya baba yangu. Yeye amekulia kwenye matairi, ambako kitu ama kinashika barabara ama hakishiki. Kwa hiyo si yeye ninayemlalamikia. Ninalalamikia kanuni, kwa mpangilio ufuatao.

1. Kwamba mikwaju 232 ya kaka yangu haijulikani iliko. Nimejumlisha mwenyewe mara mbili. Mikwaju hiyo ilipigwa, kwa sababu niliiona ikipigwa. Nilijikaza nikamuuliza mwamuzi, Bwana Abernathy, ambaye ndiye aliyenipa bango, kwamba ya tano huwa inakwenda wapi. Akanijibu kwa upole sana, "Haiendi popote, mwanangu. Iko palepale, ila haihesabiwi." Mheshimiwa, mahali ambapo mtu yupo ila hahesabiwi napafahamu. Nimesoma hapo miaka minne. Sikutaka mikwaju ya kaka yangu nayo ipelekwe huko. Naomba Kamati itenge angalau sanduku. Lisiwe la gharama, ila liwe na mfuniko.

2. Kwamba kanuni hii inaelezwa vibaya kwa wazazi. Alhamisi Kocha Lindgren wa Tarrow alisimama dukani kujaza upepo, na baba akamuuliza namba tano maana yake nini hasa. Kocha alitaka kumfariji. Akasema, "Mzee Unruh, namba tano ni kama tairi la akiba. Unamshukuru Mungu kwamba lipo, na unamwomba usilihitaji." Maneno hayo huwezi kumwambia mtu wa matairi. Baba alimaliza kujaza, akafunga kizibo, akasema, "Sijawahi kuona mtu akiendesha gari maili nane kwenda kuangalia tairi la akiba." Tangu hapo ndio msimamo wake.

Ningependa Kamati ijue kwamba baba huyohuyo hukagua tairi la akiba la kila gari linaloingia dukani, hata kama mwenye gari amekuja kwa jambo jingine. Akilikuta limelegea humgombeza mwenye gari kama mtoto. "Siku utakayolihitaji ndiyo siku utakayojuana nalo?" huwauliza. Nilikuwa nimeiandaa hoja hii niitoe wakati wa chakula, lakini viazi vilipitishwa, na viliporudi mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye mvua ya mawe.

3. Kwamba gazeti letu la hapa huchapisha majina manne na jumla. Baba hukata kila habari ya Tarrow na kuibandika ukutani dukani, juu ya mtungi wa kahawa. Wateja wakisubiri pancha zao husoma, na lazima mmoja aulize, "Kijana wako yuko wapi hapa, Gerald?" Baba huwaambia, "Yumo kwenye jumla."

Hayumo kwenye jumla, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ndiyo maana nimeandika.

4. Kwamba kimya hakigawanywi kwa haki. Dalton anapofika kwenye shimo langu, watazamaji wake huwa ni mama mmoja na mbwa wake, na mama yangu Jumamosi, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali na kulala chini ya mti kwa heshima zote. Mimi hutakiwa kuinua bango hata hivyo. Nimemnyamazisha mbwa. Nimemnyamazisha mama yangu akiwa usingizini. Lakini akipita Brooks Haverty, ambaye ndiye namba moja wa Tarrow, huja na ndugu kumi na mmoja waliovaa fulana zenye picha ya uso wake. Bibi yake anao uso huo tumboni, na akicheka, Brooks naye anacheka. Mimi huinua bango, nao hunisalimia. Naomba ndugu wanne kati ya hao waazimwe kwa Dalton, hata kwa mashimo matatu tu. Fulana wanaweza kuzigeuza nje ndani.

5. Kwamba kanuni hii, ikiwa ni ya haki, haijaenezwa vya kutosha. Nimejaribu kuifuata hadi mwisho wake ili nisiilaumu bure. Shuleni nilikuwa na masomo matano, nikamwandikia mkuu wa shule nikimwomba atupe kemia na kujumlisha manne yaliyobaki, kama inavyofanywa kitaifa. Hajajibu. Kanisani tuna wanawake watano wa sauti ya pili. Nilimuuliza Bibi Elda, mama yake baba, kama mmoja wao angekubali asihesabiwe. Bibi akasema, "Wanaosikika tayari ni wanne, mjukuu wangu. Wa tano ni mimi, nafungua tu mdomo. Sasa usiende kulianzisha jambo ambalo Mungu mwenyewe amelinyamazia."

Halafu kuna mazishi. Jeneza hubebwa na watu sita. Kama siku moja itaamuliwa kwamba wanaohesabiwa ni watano, naomba nisiwe nimesimama karibu.

Na nyumbani tuko watano. Baba ana duka, mama ana wagonjwa wake, Bibi ana saladi inayojulikana hadi wilaya ya pili, Dalton ana gofu. Mimi nimemaliza shule na kila anayekuja kubadilisha matairi huniuliza Septemba nitakuwa wapi, nami huangalia viatu vyake. Jana nilipiga hesabu na sikuhitaji kalamu. Silalamiki juu ya hilo. Naomba tu kwamba kanuni ikifika majumbani, tupewe taarifa mapema, nitafute pa kukaa.

6. Kwa hiyo ninaleta maombi matatu, na Kamati ichague lililo jepesi.

La kwanza, ya tano ihesabiwe na ya kwanza itupwe. Brooks Haverty jana alipiga 66. Kila mtu ameshajua kwamba anaweza. Hakuna jipya tena la kujifunza kwake, na ndugu zake wangepata nafasi ya kwenda kuona shamba la nyati.

La pili, kama la kwanza haliwezekani, mmoja wa wale wanne asijisikie vizuri kwa siku moja. Sisemi ugonjwa. Nasema saladi ya viazi ya Bibi Elda, ile ya mayonezi, ikikaa mbele ya gari nyuma ya kioo tangu ibada ianze hadi saa nane mchana. Bibi nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Ule mwaka wa pikniki ya kanisa iliwalaza mashemasi wanne. Na hawakufa, walipungua tu." Amejitolea kutengeneza bakuli zima. Anasubiri neno lako, na angependa bakuli lirudi.

La tatu ndilo ninaloliomba kwa moyo. Mwandikieni baba yangu barua, Bwana Gerald Unruh, Duka la Matairi, Barabara Kuu. Iseme: "Leo inahesabiwa." Baba anaamini barua yenye muhuri kuliko anavyomwamini mtu. Sihitaji iwe kweli. Nahitaji iwe na muhuri.

Nakushukuru kwa muda wako, ambao najua ni mchache. Nisalimie Kamati yote, Bwana Abernathy na kofia yake, vijana wanaokata nyasi alfajiri, mama mwenye mbwa na mbwa mwenyewe, na ukoo wote wa Haverty mmoja mmoja, pamoja na nyuso zao za fulana. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Bibi anajua, naye anakusalimu zaidi.

Niliye mtumishi wako katika kimya,

Maren Unruh
Shimo la Kumi na Sita

N.B. Sasa ni Jumanne jioni na barua hii bado iko mfukoni mwangu. Jana niliileta hadi hemani lakini ndani kulikuwa na watu. Yametokea mambo ambayo ni vizuri uyajue kabla hujachukua hatua yoyote.

Jana jioni Tarrow walimaliza wakiwa wa nane. Dalton alipiga 80, ikatupwa. Lakini sikuwa najua, na nadhani hata Kocha Lindgren alikuwa ameshasahau, maana Tarrow haijawahi kufika huko, kwamba timu nane zinazobaki hazijumlishi tena. Hukutanishwa mbili mbili, mchezaji kwa mchezaji, shimo kwa shimo, na timu inayoshinda mechi tatu kati ya tano ndiyo inayosonga mbele. Yaani hatupwi mtu. Dalton aliingia nyumbani, akaosha mikono muda mrefu, akaketi, akaiambia sahani yake, "Baba, kesho inahesabiwa."

Baba akaweka uma chini. "Nani kasema?"

"Kanuni."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini."

Leo asubuhi mlangoni pa duka kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa NIMEFUNGA. Mara ya mwisho baba kufunga ilikuwa tulipomzika babu, na mchana alifungua.

Alikuja na buti zake za kazini. Alisimama nyuma ya kamba, mikono mfukoni, kama anayesubiri gari lishushwe kwenye jeki. Najua alikuwa amesimama hivyo tangu shimo la kwanza, kwa sababu mama mwenye mbwa aliniambia, na akaniambia pia kwamba mashimo manne ya mwanzo Dalton alicheza kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Baadaye akatulia. Walipofika kwenye shimo langu alikuwa sawasawa na mpinzani wake, kijana mrefu wa chuo kimoja kikubwa cha kusini, na wenzake wanne walikuwa wameshamaliza. Wawili walishinda, wawili walishindwa. Brooks Haverty alikuwa mmoja wa walioshindwa. Kwa hiyo yote yalibaki kwa Dalton, na watu wote wa viwanjani wakahamia kwangu, karibu mia tatu, pamoja na fulana kumi na moja.

Niliinua bango, na kila mtu akanyamaza. Hata Bibi Haverty.

Mpira wa Dalton ulikuwa kwenye nyasi ndefu, hatua nne kutoka niliposimama. Aliweka fimbo nyuma yake ili apige, na mpira ukasogea. Ulisogea upana wa punje ya mahindi. Dalton akanyooka, akamwita Bwana Abernathy.

"Umesogea," akasema. "Nadhani nimeusogeza mimi."

"Mimi sikuona," Bwana Abernathy akasema.

"Upepo huo, Dalton," Kocha Lindgren akasema kutoka kwenye kamba. "Upepo tu. Hapa Kansas, mwanangu, kila kitu husogezwa na upepo."

Hapo, Mheshimiwa, ukiwa ni upepo haidhuru, na ukiwa ni mchezaji anaongezewa mkwaju mmoja. Watu mia tatu walikuwa wakiuomba upepo. Bwana Abernathy akatazama huku na huku kuona nani alikuwa karibu zaidi, akaniona mimi.

"Binti wa bango. Kulikuwa na upepo?"

Bendera ya shimo ilikuwa imening'inia kama soksi kwenye kamba ya kufulia. Nyuma yangu nilizisikia buti za baba zikihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Dalton alikuwa akinitazama, na hakuwa akiniomba kitu. Nikashusha bango.

"Hapakuwa na upepo," nikasema.

Walinisikia hadi kwenye magari. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Dalton alipoteza shimo lile kwa mkwaju huo mmoja. Mawili yaliyobaki walitoka sare, na kwa hiyo Tarrow wametoka. Kocha alimpa mkono Dalton, kisha akanipa na mimi, ingawa wangu ulikuwa wa kifupi. Bibi Haverty alipita akaniambia, "Wewe mtoto, kwani ungekohoa tu ungepungukiwa nini?"

Tulirudi kwenye pikapu ya baba, watatu kiti cha mbele, mimi katikati na fimbo zikigongana nyuma. Tulipoyapita maghala ya ngano, baba akafungua mdomo.

"Maren. Ungekaa kimya, wangesema ni upepo."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe, Dalton, ungekaa kimya, yeye asingeulizwa."

"Ndiyo, baba."

Tukafika kwenye reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita, ikabidi tusubiri. Mabehewa yalikuwa mengi.

"Msimu unaanza tena lini?" baba akauliza.

"Septemba," Dalton akasema. "Lakini nitakuwa namba tano tena, baba. Kama nitachaguliwa."

"Sijakuuliza namba. Nimekuuliza lini."

"Tarehe kumi na mbili."

Baba akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaandika nyuma ya kiganja chake, pale anapoandika vipimo vya matairi asiyotaka kuyasahau. Alipomaliza akanigeukia, kalamu bado mkononi. "Na wewe tutaendesha pamoja kwenda kumtazama. Siku hiyo duka litakuwa limefungwa, huna pa kujificha."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuondoa malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Kanuni yenu iacheni kama ilivyo. Mikwaju ya kaka yangu endeleeni kuitupa kwa amani, tutakuwepo kuiokota. Sanduku silihitaji tena. Barua yenye muhuri msimwandikie baba, itamchanganya. Saladi tumeila sisi wenyewe leo jioni, ile ambayo haikupanda gari, na Bibi anasema samahani kama ulikuwa umeshaanza kuitegemea.

Barua hii naituma tu kwa sababu stempu nilikuwa nimeshaibandika. Isome, Mheshimiwa, lakini usiihesabu.